Ngazi za Genova

Jumapili usiku

Samahani, daftari langu, nimekuacha siku nyingi. Kutandika vitanda vya wageni melini kunanimaliza.

Leo tulitia nanga Genova, Italia, nikapata ruhusa ya kushuka. Nilipanda vichochoro vya ngazi polepole, kama niko ndotoni, nguo za watu zimeanikwa juu yangu. Nikajikuta nimeinama, mikono nyuma, kama nimembeba mwanangu Chebet. Na Chebet yuko nyumbani Sosiot, Kenya, na mamangu.

Nikampigia Mama hapo kwa ngazi.

"Siku hizi ananiita mama," akasema. "Usiskie vibaya."

"Akuite kogo. Wewe ni nyanyake. Mfundishe hivyo."

Akacheka kidogo.

Bado nahitaji nitumiwe leso niliyombebea, isifuliwe ili ibaki na harufu yake, picha ya meno yake mapya, na sauti yake akiniita mama, hata kama ni ya kufundishwa.