Mama, Buluu Imekubali

Umetimia mwaka tangu utuache, Mama, na leo tunakujia na habari inayotuwasha ulimi: buluu imekubali.

Ulipostaafu ufundi cherehani uligeuza baraza kuwa shamba. Mabeseni yaliyotoboka, ndoo zisizo na mikono, hata karai la Baba la kuogea, vyote ukavijaza udongo. Manjano ulichimba, hina ulichuma, na hakuna aliyetoka kwako bila kitambaa ulichokitia rangi mwenyewe.

Mnili tu, mmea wa kutoa buluu, ndio uliokushinda. Kila ukiloweka majani yake unapata rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Baba akifunga madirisha kwa ule uvundo, akilalamika kwamba nyumba inanuka mzoga. Ukamwambia, "Vumilia, mume wangu. Mvumilivu huvaa buluu." Ukacheka mwenyewe kabla yetu.

Ulipoondoka, mimea ikaanza kunyauka. Hatukuwa na moyo wa kuigusa. Asubuhi moja tukamkuta Baba amechuchumaa barazani, anainywesha kwa birika la chai huku akiisemesha. Tulichukua makopo, tukateka maji.

Wiki iliyopita tukaloweka. Kitindamimba wako akatukataza kuharakisha. Eti wewe, Mama, na pupa yako, ulikuwa ukiyatoa majani hayajachacha. Tukangoja mpaka povu likapanda, tukatia maji ya majivu, tukangoja tena. Uvundo, usiseme. Madirisha yalikuwa wazi yote.

Baba akachovya kipande cha shuka lako. Kikatoka kijani. Tukanyong'onyea, mmoja wetu akaanza kukusanya vyombo.

"Subirini," akasema Baba.

Upepo ukakipiga kile kitambaa, na mbele ya macho yetu kijani kikaanza kuhama, pembeni kwanza, kisha kote. Buluu, Mama. Buluu yenyewe! Dada mkubwa alipiga vigelegele hadi jirani akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani tunaungua. Baba alikaa chini palepale, mikono ya buluu mpaka viwikoni, analia na kucheka kwa pamoja.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye mpaka leo hataki kunawa vizuri, wanao watatu, wakwe zako, mjukuu uliyemwacha tumboni, sasa anatambaa na kung'oa miche yako, na mashoga zako mafundi, ambao wamekwisha kuleta vitambaa vyao kwa foleni.

Hatukusahau, Mama, wala hatutakusahau kamwe.