Nyota Uliyoiita ya Kirumi

Fundi Turi,

Ni mimi, Tanga. Jina langu lilikushinda kutamka, ukaniita kwa mji nilikotoka, nami nikazoea. Leo ni wiki ya sita tangu tukuzike. Mwiko wako wa kupakia saruji uko kwangu huku ugenini, Flemingdon Park, juu ya kabati, na mke wangu namkataza hata kuupangusa vumbi. Saa sita bado najikuta nimekata mkate vipande viwili.

Ile sakafu ya kule mjini Markham nimeimaliza peke yangu. Ya yule mama aliyetaka jiko la Kisisilia, akabandika ukutani picha za malimau na bahari ya buluu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kwenu Sisilia baba yako alichimba salfa chini ya ardhi; malimau yalikuwa ya wenye mashamba.

Ukampangia sakafuni nyota ya marumaru yenye pembe nane, uliyofundishwa na babu yako. Miaka yote uliwaambia wateja ni ya Kirumi. Mimi tu ndiye uliyeniambia kuwa iliachwa na Waislamu waliokaa kisiwani kwenu zamani. "Ukitaja Waarabu, mteja anaghairi," ulisema. Tayari wakisikia Sisilia walikuuliza habari za magenge ya majambazi wa kwenu. Nilikuelewa. Hata mimi nimewahi kuulizwa kama kwetu nyumba zina sakafu, nikaendelea kupanga marumaru.

Lakini hospitalini ulinishika mkono. "Mimi niliogopa, Tanga. Wewe waambie." Nikaitikia.

Sasa nisikilize, usinikatize. Juzi, nilipokuwa nafuta saruji ya mwisho, yule mama aliingia na majirani zake. "Hii ndiyo ile nyota ya Kirumi?" Nikasema ndiyo. Fundi, nilisema ndiyo, nikabeba ndoo zangu nikaondoka. Nimelia ndani ya gari kuliko nilivyolia makaburini.

Na nyuma ya marumaru ya mwisho nilikuwa nimeandika kwa penseli jina la kijiji chako, kama ulivyofanya kila nyumba. Kisha nikaigeuza, nikaibandika. Huko chini ndiko tulikozoea kuuweka ukweli wako, mahali asipouona mtu. Nimechoka nao kukaa huko.

Pumzika, mzee wangu. Jumamosi narudi Markham. Nitavua viatu mlangoni, nisimame juu ya nyota yako, nimwambie yule mama ilikotoka na wewe ulikotoka. Akitaka kughairi, saruji imeshakauka.

Tanga wako