Mkamwana Wangu Aliniita kwa Jina Darajani

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana mto tumeuzibua lakini nyumba ya mwanangu imeziba, na kisa ni mimi, mzee wa miaka hamsini na miwili niliyekuwa naangalia pembeni wakati wenye akili wanaangalia maji.

Mimi ni msimamizi wa kikosi cha usafi, watu sita na lori moja bovu, tunazunguka kijiji hadi kijiji kuwasaidia wenyeji kuzoa takataka njiani, sokoni na mitoni, na sifa zangu kwa kazi hii ni mbili tu, nina sauti kubwa na mke wangu Damari hataki kuniona nyumbani mchana. Tulianza Chunya, tukafukia mikebe na chupa za wachimba dhahabu hadi viganja vikachubuka, na mwezi uliopita tukatumwa huku Rungwe, kwenye kijiji anachoishi mwanangu Isakwisa, ambako kijito kilikuwa kimekufa kabisa, kwa sababu watu wanamenya kahawa ukingoni na maganda wanayatupa majini, na juu ya maganda kuna vigogo vya migomba, magunia yaliyooza, hata pipa zima la mafuta, vyote vimekwama chini ya daraja, na nyuma yake maji meusi yanayonuka, na watoto wa upande wa chini wanaumwa matumbo tangu Juni.

Sasa sikia tatizo. Isakwisa amemwoa Sekela, na sisi Wanyakyusa, hata tuliobatizwa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso wala hawasemezani, na yeye jina langu halitamki kabisa. Akisikia nakuja anaingia migombani, na mimi naangalia mawingu kama mtu anayengoja mvua. Basi nikafika pale na kofia yangu ya kaki, nikauliza akina mama wamemchagua nani awaongoze, nao wakajibu kwa furaha kwamba wamemchagua Sekela. Mshauri, nilirudi ndani ya lori nikajifungia.

Lakini kazi ni kazi. Tukagawana, wanaume upande huu wa kijito, akina mama ng'ambo, mimi mgongo kwao muda wote, na maneno yakawa yanapitia kwa dereva wetu Sedekia, ambaye Mungu alimnyima huruma.

"Sedekia, mwambie yule mama alete kamba."

"Mama yupi, Bwana Anania? Hapa wako arobaini."

"Yule."

"Yule nani?"

"Yule nisiyemjua!"

Ng'ambo wakacheka hadi wakaangusha matenga, halafu nikasikia sauti ya Sekela, tulivu kabisa, "Sedekia, mwambie mwenye kofia kamba iko tayari, ila kwenye mkondo chini ya daraja asisimame." Mwenye kofia ndilo jina alilonipa, kwa kuwa la kwangu hawezi kulisema. Na nikwambie ukweli, yule binti alipanga kazi kuliko mimi: wengine wanachota maganda kwa karai, wengine wanapokezana matenga hadi kwenye mashimo tuliyochimba shambani, wengine wanaimba ili mikono isichoke, na kwa siku mbili walitoa uchafu ambao kikosi changu kingetoa kwa wiki nzima huku tukilalamika mgongo.

Siku ya tatu likabaki lile pipa lililouziba mto. Tukafunga kamba mbili, wanaume wanavuta huku, akina mama wanavuta kule, na mimi, ili nisimwone mkamwana wangu, nikasimama palepale nilipokatazwa, kwenye mkondo mkavu chini ya daraja, nimeupa mto mgongo, nahesabu "moja, mbili" kwa heshima zote. Pipa likatoka. Sikuona. Nikasikia Sekela anapiga kelele, "Mwenye kofia, toka! Mwenye kofia!" na asubuhi ile tulikuwa tumevaa kofia za kaki sisi sote sita, basi wenzangu watano wakaruka pembeni, na mimi nikawa nimesimama nawashangaa. Ndipo aliponiita, "Anania! Anania, toka mtoni!" Nikageuka, nikamwona uso kwa uso, nikaruka. Maji yakapita na toroli langu la kuzolea takataka, vigogo na matope, pale miguu yangu ilipokuwa, na sikuumia zaidi ya goti.

Mshauri, ungeona mto ule! Uliguna, ukatapika weusi wote, na kabla ya saa sita maji yakawa yanaonyesha mawe, watu wa chini wakapanda mbio na vibuyu, mchungaji wa kanisa akaingia majini na viatu vyake, mabibi wakapiga vigelegele wakasema ndaga fijo, asante sana, hadi mimi nikajiona nimeumba maji.

Kisha dada yangu Tusajigwe akauliza, "Nani ameita jina la mkwe wake?" Akaongeza, "Leo amemwita mtoni, kesho atamwita mezani!" Jioni hiyo wazee wa ukoo wakaketi, dada akataka Sekela arudishwe kwa baba yake, asirudi mpaka baba huyo alete ng'ombe wa kufuta aibu. Na mimi niliyeokolewa, unajua nilisema nini? Nilikohoa. Mara mbili. Huo ndio mchango wangu. Asubuhi Sekela hakungoja kufukuzwa, alikwenda mwenyewe, na Isakwisa hali chakula, ananiangalia kama anavyoliangalia lori letu likigoma kuwaka. Tena Jumatatu ya wiki ijayo tunaenda Iringa, na akina mama wa huko, waliosikia habari za mto wetu, wameandika wakiomba waletewe "yule mama wa Rungwe" awafundishe kupanga kazi. Je, nimwache dada adai ng'ombe wake, ama niache kikosi ili nisikutane tena na binti wa watu? Nimechanganyikiwa.

Ni mimi, Anania, Rungwe, Oktoba 1956

*

Bwana Anania,

Kwanza hongera kwa mto. Pili, pole kwa goti. Huruma yangu imeishia hapo.

Umeniandikia kurasa nne, umeeleza toroli, umeeleza viatu vya mchungaji, na hukuandika hata mstari mmoja kwamba ulimshukuru aliyekuokoa. Usiniambie mila inakukataza. Mkeo hakatazwi, mwanao hakatazwi, na Sedekia, kwa unavyomweleza, angefurahi kupeleka salamu.

Mila ya kukwepana siicheki. Mimi ni Mhehe wa hapa Iringa, nimewahi kumkwepa mama mkwe wangu kwa kuingia banda la kuku, nikakaa humo mpaka alipomaliza kunywa uji, na nilipotoka nilinuka siku mbili. Lakini fikiri. Binti yule alianza kwa jina la heshima. Alikuita mara ya kwanza, akakuita ya pili, na watu watano wasiohusika wakaruka. Alikuwa na pumzi moja tu iliyobaki, akaitumia kwako, akijua vizuri dada yako yuko pale na ana masikio. Angenyamaza, leo Bi. Tusajigwe angesimama kaburini kwako akimsifu kwa adabu.

Nimewauliza wazee wawili wa Rungwe wanaoleta kahawa mjini hapa. Walicheka kwanza, tena wakakucheka wewe. Kisha wakasema bila kubishana: aliyeokolewa ndiye anayetoa. Kwa hiyo ng'ombe yupo, dada yako hakukosea. Amekosea zizi. Ng'ombe huyo anatoka kwako.

Kuacha kikosi, sahau. Huo ni woga uliovaa kofia ya kaki.

Fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumapili. Waite watu walewale walioketi jioni ile, dada yako akiwa mbele, ukaseme kwa hiyo sauti yako kubwa kwamba Sekela alikuokoa na wewe ulinyamaza kwa woga. Usikohoe. Siku ya pili yake chagua mtamba mzuri, siyo yule mwenye kilema ambaye najua umeshamfikiria, umswage na Damari na Isakwisa mpaka kwa baba yake Sekela. Wewe baki njiani, geuza mgongo ukitaka, hapo hakuna mafuriko. Damari aingie, aseme shukrani zako neno kwa neno, kisha Isakwisa amwombe mkewe warudi nyumbani, na swali la Iringa aulizwe mwenyewe Sekela, wala usimjibie.

Akikubali, na mumewe aje, maana huku mikono inahitajika na mto wetu unanuka kuliko wenu. Na kwenye lori msisumbuke kutafuta namna ya kukaa. Mwalimu wa akina mama anakaa mbele na mumewe, karibu na dereva. Wewe, Anania, panda nyuma ukae na matenga.

Mshauri wako, Iringa