Ashura na hesabu ya palizi

Samia, Ashura wetu kayakoroga huku Chinongwe.

Majirani walikuja kumpalilia baba yake ufuta. Si unajua utaratibu, leo kwake, kesho kwa mwingine, mwenye shamba anapika ugali na kuku.

Sasa yeye na uhasibu wake wa chuoni Nachingwea, eti anamfundisha baba kupanga gharama. Mbele ya watu, Samia. Kila jirani akampigia hesabu ya ujira wa kibarua, akasema shamba lina hasara.

Mzee Mikidadi, mmoja wa majirani hao, akauliza, "Kumbe sisi vibarua?"

Vibarua, Samia. Wakabeba majembe, wote, kuku wakamwacha jikoni.

Nusu shamba bado magugu. Baba yake hajafoka. Kamuuliza tu kwa upole, "Na hili, mwanangu, chuoni mnaliandika wapi?"

Hebu we unayesoma naye, mnaliandika wapi?