Hemedi, Umetuachia Timu Isiyojua Kurusha

Hemedi ndugu yangu,

Jumapili tumefungwa tena. Tumefungwa vibaya mpaka wapinzani wakaona aibu kushangilia. Nimeona nikuandikie wewe, maana wa kulaumiwa ni wewe, na huku Hayes, pembeni mwa London, sina mwingine wa kumwambia.

Tangu tukuzike hatuna mrushaji. Bwana Kirit amejaribu, mzee wa watu. Duka lake la Kilburn bado anamwachia mkewe kila Jumapili kwa ajili ya besiboli, kama ulivyomzoea. Mpira wake mmoja ulimpita mpigaji, ukanipita na mimi niliyechuchumaa nyuma kudaka, ukaenda kuangukia chakula cha watu waliojipumzikia bustanini. Mechi ilipokwisha akakaa kwenye majani, akasema, "Bila Hemedi hakuna team, bwana. Tuivunje tu." Wengine wakaanza kukusanya glavu, nikajua wamekubali.

Mimi sikubali. Lakini nina hasira na wewe.

Kwenye hitima yako watu walisema mazuri, na yote ni kweli. Kwamba sote tuliofundishwa mchezo huu shuleni Dar tulirudi kwenye soka, wewe ukabaki nao. Kwamba kati yetu ulikuwa wa kwanza kulipwa mshahara kwa kurusha mpira, huko Ulaya ambako hata jina lako liliwashinda kutamka. Mrushaji akiumia, Hemedi. Mdakaji akiumia, Hemedi. Mpigaji akiamka na mafua, Hemedi. Upande wa pili hakuna aliyeusema. Hapa London mtu akikosea mara moja tu, huyo unakuja na glavu yako: "Nipishe kidogo." Na kidogo yako haikuwa na mwisho! Tulishinda, tukala biriani ya mkeo, shemeji Zuhura, wala hatukujua kwamba hatujui kitu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi ndio hao.

Miaka yote hiyo nilikudaka mimi. Ule mpira wako unaokuja umenyooka halafu ukazama ghafla, kiganja changu kinaujua kabla haujafika. Vidole vyangu ndivyo visivyojua unashikwaje. Nilikuuliza. Ukacheka, ukasema, "We daka tu, mengine niachie mimi." Haya, nimekuachia, na wewe umekwenda nayo.

Saa ya chakula nasimama nyuma ya ghala kazini, narusha ukutani, nageuza vidole hivi, nageuza vile. Hauzami. Supavaiza akipita ananiuliza, "You alright, mate?" Juzi nililia palepale. Nililia kwa kuwa umekufa, Hemedi, na nililia kwa kuwa ungeweza kunionyesha na hukutaka.

Basi. Nimemwambia Bwana Kirit timu haivunjwi. Jumapili nitarusha mimi, na nitarusha vibaya. Yeye atadaka, na magoti yake Mungu ayasaidie. Nakuahidi kitu kimoja: chochote nitakachokigundua, hata kikiwa nusu, nitamwonyesha mwenzangu siku hiyohiyo, kabla sijaanza kujiona bingwa.

Zuhura hajambo, anakuombea kila akiswali. Mimi pia nakuombea. Mwenyezi Mungu akusamehe haraka, ndugu yangu. Mimi nipe muda.

Athumani