Fyuzi kubwa kwenye ndege ya Curtis

Mwenzangu Darla, unakumbuka jirani yetu Lorna alivyoniuliza, "Hiyo ndege anayoiunda Curtis gerejini ikishika moto angani, mtashukia wapi?" Tulicheka!

Leo sicheki. Mwanangu Curtis alipanga kumrusha mjukuu wangu Tessa juu ya mashamba ya mahindi kesho baada ya ibada. Mimi nikasikia harufu ya mpira kuungua, nikafunua injini.

Fyuzi ilikuwa inaungua kila mara. Unajua mwanangu kafanyaje? Kaweka kubwa zaidi! Kubwa zaidi, Darla! Fyuzi hiyo haikatiki, kwa hiyo waya ndio unaoungua. Waya umeyeyuka kule nyuma, pasipofika upepo wa kupoza, kando ya bomba la petroli.

Nikamwita Curtis. "Mama, wewe kasali, nyaya niachie mimi."

"Nimeshasali. Haya, waya huu, ushike mwenyewe."

Akaushika. Akauangalia weeee. Akaweka ufunguo wa ndege juu ya Biblia yangu, akatoka.