Mbwa wa Mama Zuhura

Makote, Newala
Wakati wa palizi

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa penye mwanga, umevaa miwani yako, na hakuna mtu anayechungulia juu ya bega lako. Goti linaendeleaje? Ulisema baridi ikipungua nalo litapunguza ukorofi, nami nataka kujua kama limetii. Na Baba, kifua kimeacha kumsumbua? Sisi huku hatujambo. Subira amerefuka, akivaa sketi za shule za mwaka jana anaonekana kama kaazima kwa mtoto mwingine. Baba Subira anashinda shambani, maana mvua imekuja vizuri na magugu yanaota kuliko mahindi. Mlenda mkavu uliomkabidhi yule dereva ulifika salama. Tumeula na ugali wa muhogo, na mawifi zangu waliocheka safari iliyopita safari hii waliomba kuongezwa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama, simu ya Baba huwekwa sauti kubwa, na neno langu moja linasikika mpaka kwa majirani. Hili sikutaka lisikike namna hiyo. Kaka Yoeli ameniambia kwamba Baba alisimama kanisani wakati wa matangazo akasema binti yake amewafundisha watu wa Newala kulea mbwa wa kulinda mbuzi. Tangu siku hiyo kila nikiona jina lake kwenye simu mkono unaniwia mzito. Kwa hiyo nakueleza wewe, kisha umwambie mwenyewe, wakati utakaouona unafaa.

Unakumbuka fisi walivyotusumbua mwaka juzi. Kila mwenye mbuzi hapa kwetu alikuwa ameliwa mbuzi wake. Watu wa huku ni wakulima wa korosho, mbuzi wao wachache hufungwa kamba chini ya mikorosho, na fisi akija anakuta ameandaliwa. Siku moja akina mama tukiwa kisimani nikasema, kwetu Mpwapwa babu yangu alikuwa akimweka mtoto wa mbwa zizini angali mdogo, anakua akidhani mbuzi ni ndugu zake. Wakanitazama kama mtu aliyekuja na dawa. Nami, Mama, nilipenda kutazamwa vile. Nimeolewa huku miaka yote hii, sijui kubangua korosho vizuri, Kimakonde changu kinachekesha watoto. Siku ile kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho wao hawana.

Mbwa wenyewe nilipata habari zao nilipokwenda hospitali ya Mkomaindo kumwona shangazi yake Baba Subira aliyekuwa amelazwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa mtu wa Lupaso. Akanieleza habari za mjane mmoja kijijini kwao, Bibi Sofia, ambaye ana jike la mbwa linalolala katikati ya mbuzi na halijui mlango wa nyumba. Nikaenda. Nilimkuta yule mbwa amejilaza, mbuzi mmoja ameegemeza kichwa mgongoni kwake, na watoto wake wananyonya huku mbuzi wakiwaruka. Bibi Sofia akanipa wawili, dume na dume, maana nilikuwa nimemwambia kwamba jirani yangu Mama Zuhura naye anataka. Alipokuwa anawatia kwenye tenga la kuku akaniambia jambo moja tu.

"Huyu mtoto asijue jiko lako liko upande gani."

Nikacheka. Nikamwambia, "Bibi, mimi nimezaliwa zizini."

Mama Zuhura unamfahamu kwa jina. Ndiye aliyenikanda nilipojifungua Subira, wewe ukiwa mbali. Ni mtu wa swala tano, na mumewe hakutaka kabisa kusikia habari za mbwa. Mwalimu wa madrasa ndiye aliyewatuliza, akasema mbwa wa kulinda mifugo ana ruhusa, ila udenda wake ni najisi, wajihadhari. Basi Mama Zuhura akajihadhari kweli. Alimweka yule mtoto wa mbwa kwenye banda la mbuzi na hakumgusa tena. Chakula alimsukumia kwa fimbo, kwenye kikaango kilichotoboka. Hakumpa hata jina. Ukimuuliza anasema "yule". Mimi nilimhurumia yule mbwa, na moyoni nilimcheka mwenye mbwa.

Wangu naye nilimweka zizini. Mvua ikanyesha, akalia, Subira akalia naye. Nikasema alale jikoni mpaka mvua ikatike. Mama, mvua ilikatika na mbwa hakutoka. Subira akampa jina, Jemedari. Akawa anamsindikiza shule na kumpokea njiani. Ukimwambia kaa anakaa. Mchana nilimpeleka kwa mbuzi, jioni alirudi mwenyewe kunusa sufuria. Watu wakija kuona mbwa wa Mpwapwa, kama walivyowaita, walikuja kwangu. Kwa Mama Zuhura hakuna aliyekwenda, maana yule wake ukilisogelea banda ananguruma. Picha niliyomtumia Kaka Yoeli ilikuwa ya Jemedari, na ndiyo Baba aliyowaonyesha watu.

Mbwa wakakua. Mchana mbuzi wangu na wa Mama Zuhura wanachungwa pamoja kwenye pori lililo nyuma ya mikorosho yetu, na mbwa wote wawili wakiwa nao. Fisi wakaacha kuja. Nikazidi kuvimba kichwa. Kisha siku moja mchana tukakuta mwanambuzi wa Mama Zuhura amekufa, sikio limetafunwa, shingo imelowa mate. Haikuwa kazi ya fisi, kila mtu aliona, fisi asingemwacha pale. Watu wakajaa. Mwenyekiti wa kitongoji akaja, akamtazama mwanambuzi, akanigeukia mbele ya wote.

"Mama Subira, mjuzi ni wewe. Ni mbwa yupi?"

Jemedari alikuwa amekaa miguuni kwa Subira. Yule wa Mama Zuhura alikuwa amesimama mbali, kati ya mbuzi, anatukoromea. Nikamnyooshea kidole.

"Ni yule. Mbwa asiyeshikwa na mtu hugeuka mnyama wa porini."

Mama Zuhura akaniuliza kwa sauti ya chini, "Una hakika, Mama Subira?"

"Mama Zuhura, mimi haya mambo nimeyanyonya."

Sikusema uongo, Mama, nataka ujue hivyo. Nilikuwa naamini. Lakini nimejiuliza sana niliamini kwa sababu gani, na jibu silipendi. Sikuwatazama meno, sikuwanusa vifua, sikufanya chochote ambacho Babu angefanya. Nilimtazama mbwa wangu akiwa amekaa vizuri, nikatosheka.

Watu wakataka yule mbwa auawe palepale. Mume wa Mama Zuhura akasema afadhali, alikuwa ameonya tangu mwanzo. Baba Subira ndiye aliyeomba arudishwe alikotoka. Akamtia kwenye gunia, akamfunga nyuma ya pikipiki, akampeleka Lupaso. Mbuzi wa Mama Zuhura wakalia mpaka jioni wakiwa wameelekeza vichwa upande wa barabara. Mimi nikasema watasahau.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa napalilia, nikasikia mwanambuzi analia pale porini. Nikakimbia na jembe nikidhani ni fisi. Nilimkuta Jemedari amemshika mwanambuzi wetu sikio, anamburuta, mkia unacheza. Mwanambuzi akajitoa, akakimbia, akakamatwa tena. Nilipofika alikuwa amekwisha kufa. Jemedari akainamisha kifua chini, akainua makalio kama afanyavyo akicheza na Subira, akambwekea yule mwanambuzi. Alikuwa anangoja ainuke waendelee. Hakujua kwamba amemuua.

Nilikaa chini palepale kwenye majani. Wazo la kwanza lililonijia, Mama, halikuwa Mama Zuhura. Lilikuwa, nimfukie huyu mwanambuzi niseme ni nyoka. Sikumfukia. Lakini jioni ile sikusema pia, hata kwa mume wangu. Nilijiambia nitasema kesho.

Kesho yake kulipokucha nikasikia vilio kwa Mama Zuhura. Fisi walikuwa wamebomoa banda na kumchukua mbuzi wake mkubwa mweusi, mama wa karibu mbuzi wote wa pale kwake. Vitoto vyake viwili vilikuwa vinazunguka banda vikitafuta titi. Hata kama ningesema jioni, mbwa asingeweza kufika kutoka Lupaso kabla ya fisi. Nimejiambia hivyo mara nyingi, lakini hainisaidii.

Nikaenda. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anawanywesha wale watoto maziwa kwa chupa. Nikabaki nimesimama.

"Mama Zuhura, ni mbwa wangu. Nimemwona kwa macho yangu."

Hakuinua kichwa. "Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Yule alikuwa akiwalamba wana wakizaliwa, kabla hata mama zao hawajageuka. Usiku wa mvua analala mlangoni mwa banda ili maji yasiwafikie. Nilikuwa namwona. Angemuuaje?"

"Mbona hukusema?"

Sasa akanitazama. "Ningesema nini, Mama Subira? Wewe ni mtoto wa wafugaji. Mimi nimezaliwa chini ya mkorosho. Watu walikuwa wanakusikiliza wewe."

Mama, angenitukana ingekuwa nafuu. Nikaanza kulia, akaniambia nishike chupa ya yule mtoto wa pili, maana maziwa yanapoa. Tulipomaliza akasema, "Sitakudai mbuzi. Ila uliyoyasema uliyasema mbele za watu."

Nilielewa. Kilipofika kikao cha kitongoji nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea yote. Nikasema mbwa aliyeua ni wangu, wa Mama Zuhura hakuwa na kosa, na mimi niliwaambia jambo nisilolijua. Nyuma kuna mtu akacheka, akasema, "Kumbe wafugaji nao wanajifunza kwetu." Wengine wakacheka. Mume wa Mama Zuhura hakucheka. Alinitazama tu, kisha akainama akachora chini kwa kijiti, nami nikaona kwamba naye ameona aibu kwa maneno yake ya siku ile. Sikufurahi kuwa na mwenzangu.

Baada ya hapo nikaenda Lupaso. Nilikuwa namwogopa Bibi Sofia kuliko kile kikao. Nilimweleza kila kitu, naye akawa anachambua mbaazi bila kunikatiza. Mwishoni akaniuliza, "Alikuwa analala wapi, huyo wako?"

"Jikoni."

"Basi umemlea vizuri. Umemlea awe mtoto wako. Sasa unamdai awe mtoto wa mbuzi?"

Akaniambia huyu mbwa bado kijana, na ujana wa mbwa ni kucheza. Nimning'inizie kijiti shingoni kimgonge magoti akianza kukimbiza, nimfungie na mbuzi majike wenye pembe wasio na watoto wamfundishe adabu. Labda atapona, labda atabaki mbwa wa nyumbani. Ndivyo ninavyofanya. Mbuzi mmoja amekwisha kumpiga pembe mpaka akalia, na Subira hakusema nami siku nzima.

Yule wa Mama Zuhura alikuwa amekonda. Bibi Sofia alisema alikuwa hali chakula, analala njiani upande wa kuja huku kwetu. Nilimrudisha nikiwa nimemfunga kamba, watu kwenye gari wanasogea mbali nami. Tulipofika karibu na nyumbani alisimama, akanusa, akanivuta hata nikaanguka kwa magoti. Kamba ikaniponyoka. Alipita mbele ya Mama Zuhura bila kumtazama, akaingia bandani. Nilisikia mbuzi wanalia kwa sauti ile ya kumpokea mtu, unaijua. Mama Zuhura aligeuka akaingia ndani, nami sikumfuata.

Mbuzi wangu waliobaki sasa wanalala kwake. Yeye ndiye aliyesema, "Walete, banda lina nafasi." Nilikataa, akasema kama nataka fisi wawamalize, nikatae. Basi mimi, binti wa Baba, kila jioni napeleka mbuzi wa mtu wa Mpwapwa wakalindwe kwa mtu wa korosho. Umwambie Baba hivyo hivyo. Kama ana nafasi kanisani aseme tena, aseme jina la Mama Zuhura.

Nisalimie Kaka Yoeli na wifi yangu, umwambie Kaka asiichape picha ile ya Jemedari kama alivyokuwa amekusudia. Msalimie mama mkubwa wa pale mtoni, na mwalimu aliyenifundisha kusoma, na yule mchungaji wa mbuzi wetu aliyekuwa akinibeba mgongoni. Baba Subira anakuamkia, na Subira anasema shikamoo Bibi.

Nimalizie na hili. Siku nilipowaingiza mbuzi wangu kwa mara ya kwanza, yule mbwa aliwanusa mmoja baada ya mwingine, wadogo akawalamba, akawapokea wote. Nilipotaka kuingia mimi, akasimama mlangoni akanikoromea. Mpaka leo hanikubali. Nafika na mbuzi wangu, wao wanapita, mimi nabaki nje nimeshika fimbo, wapita njia wananiona. Nangoja hapo mpaka Mama Zuhura amalize swala yake, atoke na ushungi kichwani, amwambie mbwa kwa upole, kwa mbali:

"Mwache, huyu naye ni wetu."

Mimi mwanao nikupendaye,
Foibe